Maswali ya Wasomaji: Sabufa ndogo ina thamani ya bei yake?

SWALI: Nina spika mbili ndogo za rafu sebuleni na nataka kuongeza sabufa. Nimeona mbili. Moja ina koni ya inchi 8 na boksi dogo sana, nyingine ni ya inchi 12 yenye boksi kubwa, na bei yake ni karibu nusu ya ile ndogo. Zote zimeandikwa kwamba zinashuka hadi hezi 25 (mitetemo 25 kwa sekunde; namba ikiwa ndogo, besi ni ya chini zaidi). Kwa nini ndogo iwe ghali zaidi, na je, ninunue ipi?

JIBU: Kama nafasi unayo, chukua ile kubwa. Bei ya ile ndogo haitokani na ubora wa besi yake. Inatokana na gharama ya kulilazimisha boksi dogo lifanye kazi ya boksi kubwa.

Besi ni hewa inayosukumwa. Koni ya inchi 12 ina eneo la takriban sentimita za mraba 500, ya inchi 8 kama 210 tu. Ili itoe sauti sawa, koni ndogo lazima icheze mbele na nyuma zaidi ya mara mbili ya ile kubwa. Tena, kwenye boksi lililozibwa, ukishuka oktavo moja, tuseme kutoka hezi 50 hadi 25, bila kupunguza ukubwa wa sauti, mwendo wa koni unaongezeka mara nne.

Boksi nalo lina deni lake. Mhandisi J. Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya spika ya KLH nchini Marekani mwaka 1957, alionyesha kwamba udogo wa boksi, kina cha besi na ufanisi havipatikani vyote kwa pamoja. Ukishika viwili, cha tatu kinakuponyoka. Punguza boksi kutoka lita 80 hadi 20 huku ukitaka kina kilekile, na ufanisi unabaki robo. Kazi ya wati 100 sasa inadai wati 400. Ndiyo maana ndani ya sabufa ndogo nzuri utakuta amplifaya kubwa, sumaku nzito, koili ndefu, na mara nyingi koni mbili zinazopeana mgongo ili misukumo yao ifutane na boksi lisitembee sakafuni. Pesa yako inakwenda huko.

Sasa hizo hezi 25. Namba hiyo peke yake haikuambii kitu. Angalia kama imeandikwa pamoja na desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti: ikiwa hezi 25 hazipishani na sauti nyingine kwa zaidi ya desibeli 3, ni besi ya kweli; ikiwa ni desibeli 10 chini, sikio linaisikia kama nusu ya sauti iliyobaki. Jambo jingine ambalo karatasi ya vipimo huwa hailitaji ni kwamba sabufa nyingi ndogo zina saketi ya kulinda koni. Sauti ikiwa ya chini zinafika hezi 25, ukiongeza sauti saketi inakata besi ya chini kabisa. Kwa hiyo dukani inapendeza, kisha nyumbani filamu inapofika kwenye mlipuko inanywea. Isikilize kwa sauti unayotumia wewe, ukiwa na filamu unayoijua.

Kwa muziki hali ni nafuu. Uzi mnene wa gita la besi la nyuzi nne ni hezi 41, na hapo sabufa ndogo iliyotengenezwa vizuri haipati shida. Ikiwa chumba ni kidogo, husikilizi kwa sauti kubwa, na boksi kubwa halina pa kukaa, inunue bila wasiwasi. Tungependelea hata zaidi sabufa ndogo mbili za bei ya wastani kuliko moja ya kifahari, kwa sababu inayoeleweka katika swali linalofuata.

SWALI: Sabufa yangu inanguruma sana pembeni mwa chumba, lakini kwenye kochi besi haipo kabisa. Imeharibika?

JIBU: Haijaharibika, ni chumba. Kuta zinazokabiliana kwa umbali wa mita 4.3 hujenga wimbi la hezi 40: kwenye kuta linavimba, katikati linakufa. Kuongeza sauti hakusaidii. Weka sabufa juu ya kochi, pale unapokaa, piga wimbo wenye besi inayotembea noti nyingi, kisha tambaa kando ya kuta, kichwa kikiwa karibu na sakafu. Mahali ambapo noti zote zinasikika sawasawa ndipo pa kuiweka sabufa. Sabufa mbili zikikaa sehemu tofauti huzibiana mashimo hayo.

Ukishaiweka, kata masafa kwenye hezi 80, yaani sabufa ichukue sauti za chini ya hapo na spika zichukue za juu, piga toni ya hezi 80, na mwenzako ageuze swichi ya fezi (inayofanya koni ya sabufa isukume pamoja na spika au kinyume chake) kati ya 0 na 180 huku wewe umekaa. Acha upande wenye sauti kubwa zaidi.

SWALI: Sabufa inavuma muda wote hata bila muziki.

JIBU: Chomoa waya wa sauti. Mvumo ukikoma, tatizo ni mzunguko wa ethi, yaani vifaa viwili vimeunganishwa ardhini kwa njia zaidi ya moja na umeme kidogo unazunguka kati yao. Chomeka sabufa na amplifaya kwenye soketi moja. Mvumo ukibaki, weka transfoma ya kutenganisha kwenye waya wa sauti. Usikate waya wa ethi wa umeme kamwe, kwa kuwa ndio unaokulinda usipigwe na shoti.