Uliza Ujibiwe: Shimo la 18 likiwa gumu ndo linakuwa zuri?

SWALI: Shikamoo kocha. Nacheza gofu mwaka wa tatu sasa. Kamati ya klabu yetu imetangaza inataka kulifumua shimo la 18 manake wanasema ni rahisi mno, watalirefusha liwe refu kuliko yote halafu wachimbe bwawa mbele ya grini (lile eneo la nyasi fupi lenye tundu na bendera). Wenzangu wanashangilia ila mimi roho inasita. Hivi shimo la mwisho zuri linatakiwa liweje?

JIBU: Marahaba. Hiyo roho inayosita isikilize.

Ugumu ni kitu chepesi kutengeneza. Unasogeza tii (pale unapoanzia kupiga) nyuma mita 50, unabana feawei (njia ya nyasi zilizokatwa kuelekea grini), unaacha nyasi ziote, umemaliza, watu watalia. Kazi yenyewe ni kupata shimo ambalo anayeongoza kwa mikwaju miwili akisimama kwenye tii bado tumbo linamcheza, na aliye nyuma kwa miwili naye bado ana sababu ya kupiga mpira kwa matumaini. Ndo maana mimi shimo la 18 nalipima kwa swali moja tu, linaweza kutoa namba ngapi tofauti, yani watu wanalimaliza kwa mikwaju mingapi, na michache ndo bora? Shimo refu lenye bwawa mbele, kwa wachezaji wengi wa klabu linatoa 5 na 6 basi, kila mtu mkwaju wa pili anausimamisha kabla ya maji, wa tatu anavuka, na aliyekuja anaongoza anaondoka anaongoza. Shimo zuri linatoa 3, linatoa 4, na linatoa 7 pia, na yule wa 7 akikaa chini akafikiria anajua kabisa ni wapi alichagua vibaya.

Angalia la uwanja wa St Andrews kule Uskoti. Ukiliona pichani unaweza kudhani hawakulimalizia. Mita kama 326 tu, tambarare, feawei imeungana na ya shimo la kwanza kwa hiyo upana wake unashangaza, na hakuna banka (shimo la mchanga) hata moja. Kulia kuna uzio na barabara, mpira ukienda huko umetoka nje. Baada ya hapo hatari karibu yote imekaa kwenye kibonde kimoja mbele ya grini, upande wa kushoto, wanakiita Bonde la Dhambi. Mpira ukipungukiwa nguvu kidogo tu unarudi unateremka humo taratibu mbele ya macho yako, na ukiuzidisha nguvu kwa kukiogopa hicho kibonde unapita bendera unabaki na kazi ndefu ya kurudi. Yani ardhi imekunjwa kidogo tu na ile hesabu ya "nipige na nini" haijaisha mpaka leo, hata kwa hawa wa siku hizi ambao wanafikisha mpira grini kwa mkwaju mmoja.

Mwaka 1995 kwenye The Open, lile shindano kubwa la Uingereza, Costantino Rocca wa Italia alifika pale anahitaji 3 ili amfikie John Daly ambaye alishamaliza. Mkwaju wa kwanza ukafika karibu na grini, watu wakajua hii imeisha, ni kuusogeza tu. Akauchapa vibaya, fimbo ikala ardhi kabla ya mpira, mpira ukajikokota ukabaki ndani ya lile bonde. Sasa amebaki na mita kama 20, kupanda mlima, na lazima uingie. Akausukuma, ukapanda, ukatumbukia. Jamaa alianguka kifudifudi pale kwenye nyasi anazipiga ngumi. Akaja kushindwa na Daly kwenye mashimo ya kuvunja sare lakini hebu angalia, ndani ya dakika chache shimo lilelile limempa mtu aibu na limempa muujiza, bila bwawa, bila urefu. Na miaka 25 kabla yake, 1970, hapohapo Doug Sanders alihitaji 4 tu awe bingwa, akabaki na mpira ambao haufiki hata mita moja, akaukosa, kesho yake Jack Nicklaus akamshinda kwa mkwaju mmoja, 72 kwa 73.

Najua kamati watakujibu kwa Carnoustie, uwanja mwingine wa Uskoti. Ni kweli lile ni gumu, kijito cha Barry Burn kinajipindapinda mpaka mbele ya grini. Ila tuseme vizuri kilichotokea kwenye The Open ya 1999. Jean van de Velde alikuwa mbele kwa mikwaju mitatu, alihitaji 6 tu kwenye shimo la mikwaju 4 (yani linalotarajiwa kuisha kwa mikwaju 4). Angeweza kuchukua fimbo fupi akatembea nalo polepole hadi grini. Akachukua draiva, ile fimbo ya kupigia mbali. Mpira ukaenda kulia kabisa lakini ukaponea maji, na hapo pia angeweza kujirudisha kwenye feawei, yeye akalenga grini, mpira ukagonga reli ya jukwaa la watazamaji, ukarudi ukagonga ukuta wa mawe wa kijito, ukazama kwenye nyasi za magotini. Wa tatu ukaingia majini. Akavua viatu na soksi, akakunja suruali, akashuka mtoni kuona kama anaweza kuupiga humohumo, akaghairi, akachukua adhabu, wa tano ukaishia kwenye banka, wa sita ukatoka, wa saba akauingiza na ule haukuwa mfupi. Kwenye kuvunja sare Paul Lawrie ndo akachukua kombe, mtu aliyeianza siku ile yuko nyuma kwa mikwaju 10. Sasa sema mwenyewe, kilichofanya shimo lile likumbukwe ni ugumu? Kila mahali palikuwa na njia ya salama, na yeye kila mara aliona ile nyingine. 2007 Padraig Harrington aliingia kwenye kijito hichohicho mara mbili, akaandika 6, na bado akawa bingwa kwa sababu Sergio García aliyekuwa bado anakuja nyuma yake uwanjani akaandika 5 wakafungana, Harrington akashinda kwenye kuvunja sare.

Kwa hiyo mkutanoni waambie hivi. Maji sio mabaya, yanakaa vibaya. Bwawa mbele ya grini linamwamuru kila mtu kitu kimoja. Maji yakikaa ubavuni, unachagua mwenyewe uyakaribie kiasi gani, na anayethubutu anapata njia fupi. Pebble Beach kule Marekani shimo la 18 lilikuwa fupi, la mikwaju 4, mwaka 1922 Herbert Fowler akalirefusha likawa la mikwaju 5, bahari iko kushoto njia nzima. Wao pia walirefusha, sawa, lakini ukikaa kulia sana mbali na bahari uko salama ila unajiongezea safari, ukiikumbatia bahari unafupisha. Urefu wa namna hiyo mimi naukubali.

Na kabla ya kuleta mashine, nendeni mkaiangalie grini. Nyingi zinaharibikia hapo. Sandy Lyle kwenye Masters ya 1988, shindano kubwa la Marekani, alikuwa ndani ya banka ya feawei shimo la mwisho, akapiga kwa fimbo ya ayani namba 7, mpira ukapita bendera ukapanda mwinuko halafu ukaanza kurudi wenyewe kuja shimoni, ukabaki kama mita tatu, akauingiza akashinda. Bila ule mwinuko hakuna hadithi. Mwinuko mmoja wa maana unaweza kuwagharimu kidogo kuliko bwawa na utampa kazi bingwa bila kumzuia mzee wa miaka 70 kumaliza raundi yake kwa heshima.

Kingine, jua. Kama mtabadilisha uelekeo msielekeze shimo la mwisho magharibi, watu wanamaliza jioni, huoni mpira wako ulipoenda.

SWALI: Mbona viwanja vikubwa karibu vyote havimalizii kwa shimo fupi la mikwaju 3?

JIBU: Vipo vichache. East Lake kule Atlanta kilikuwa hivyo, mwaka 2016 wakageuza mashimo tisa ya mwanzo yakawa ya mwisho ili wamalizie na shimo la mikwaju 5. Shida yake ni kwamba wote mnapigia sehemu moja, ukishafika grini mambo karibu yameisha, kuchagua njia hakuna. Pia watu wanasongamana kwenye tii. Mimi silichukii, lakini namba zake ni chache.

SWALI: Sisi tunapenda mechi za mtu kwa mtu (anayeshinda mashimo mengi ndo mshindi), nyingi zinaisha shimo la 15 au 16. Shimo la 18 lina faida gani kwetu?

JIBU: Kwenu nyinyi shimo la 16 na 17 ndo yatunzwe zaidi, huko ndo mechi zinakatika. Ila mechi ikifika 18 ujue watu wako sawa au wamepishana kwa shimo moja, kwa hiyo mnahitaji shimo ambalo 3 inawezekana, sio ambalo wote mtaandika 5 mkapeana mikono. Kwenye Ryder Cup ya 1969, shindano la timu ya Marekani na ya Uingereza, uwanja wa Royal Birkdale, Nicklaus wa Marekani na Tony Jacklin wa Uingereza walifika 18 wako sawa na timu zao ziko sawa. Nicklaus akaingiza wake, Jacklin akabaki na kama nusu mita, Nicklaus akaokota alama ya mpira wa mwenzake akamwambia huo umeingia. Ikaisha 16 kwa 16, sare ya kwanza kwenye historia ya kombe lile.