Kipande cha mzee

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma mara ya kwanza nikiwa naanika kahawa, sikuuelewa. Jioni nikavaa miwani nikaurudia. Unasema kipindi chako cha Jumapili hapo redioni kinataka kumwalika mwanamuziki mkongwe wa dansi, na mkuu wako amesema fungu la kumlipa hakuna, aje tu kwa heshima. Ukaniuliza: "Mama, heshima si inamtosha mzee?"

Haimtoshi.

Mzee Muhidin Gurumo, mwimbaji wa dansi, aliingia bendi ya NUTA Jazz mwaka 1964, akaja kustaafu 2013. Mwaka huohuo Diamond Platnumz akamzawadia gari, nasi huku Moshi tukapiga vigelegele kama limeletwa kwetu. Marehemu baba yako yeye alinyamaza, halafu akasema: "Mtu kaimba miaka yote hiyo, gari aje kupewa na mjukuu?" Hakumlaumu yule kijana, alifanya la kiungwana. Aprili 2014 Mzee Gurumo akafariki.

Zawadi anayetaka hutoa, asiyetaka haulizwi. Mirabaha, yaani malipo ya mtunzi kazi yake inapotumika, ni deni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kuzikwa. Kwa hiyo nyimbo za huyo mzee wenu mnazozipiga kila Jumapili zina mwenyewe, hata kabla hajakanyaga studio yenu.

Halafu akija, nakuomba usimuulize ana ushauri gani kwa vijana. Kila mkongwe anaulizwa hilo, na wote wanajibu nidhamu na kumcha Mungu (hata wale tuliowajua sisi enzi hizo, ambao nidhamu waliisikia kwa jirani). Muulize kazi. Gitaa la solo na la rithimu walikuwa wanapishana vipi? Pale Radio Tanzania, bendi nzima ikirekodi kwa pamoja, tarumbeta likiteleza ilikuwaje? Hapo utamwona anakaa vizuri kwenye kiti. Na mpe gitaa. Bi Kidude, yule mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alipopewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki ya kimataifa, mwaka 2005 alikuwa bibi kizee kweli, tena mvuta sigara, lakini watu walimwita aimbe na apige ngoma. Hawakumwita akae mstari wa mbele apigiwe makofi.

Mkuu wako si uliniambia ni mtu wa huku kwetu? Basi mkumbushe Desemba, mbuzi akishachinjwa na vipande vikigawiwa kila mtu kwa umri wake. Amewahi kumwona nani akimwambia babu yake kwamba mwaka huu kipande chako ni heshima?

Wakikubali kumlipa, mpeni mkononi kabla hajaondoka. Na gari la kumfuata litoke kwenu, asije akagombania daladala na gitaa begani.

Mama yako
Moshi