Jibu: Ombi la ruzuku ya soko la wakulima limerudishwa, "bajeti haieleweki"

Habari dada. Unauza mandazi na sambusa za nyama huko Marekani, na ombi lako la ruzuku ya soko la wakulima limerudishwa kwa sababu bajeti haieleweki. Anza na kibali: mandazi majimbo mengi huruhusu upike nyumbani, ila nyama kwa kawaida hutaka jiko lenye leseni. Kodi ya kupanga jiko hilo ndiyo iwe mstari wa kwanza wa bajeti, kisha bima, kisha hema la futi 10 kwa 10 pamoja na vizito vyake (upepo hauna huruma). Kila kifaa kiwe na profoma (karatasi ya bei kutoka kwa muuzaji kabla hujanunua). "Vifaa, dola 800" haimridhishi mtu. Soma kama watoa ruzuku wanalipa mbele au wanakurejeshea pesa baada ya kuleta risiti. Namba ya EIN (namba ya kodi ya biashara) hutolewa bure na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, usimlipe mtu.