Virusi Havionekani, Presha Je?

Wiki iliyopita dada mmoja wa Sengerema aliniandikia: "Nimeambiwa virusi vyangu vya UKIMWI havionekani tena kwenye kipimo. Sasa mbona unatusumbua na habari za presha kila siku?" Nilicheka, halafu nikakasirika kidogo, maana maneno hayohayo nilishawahi kuambiwa na mtu aliyevaa koti jeupe.

Kwa wageni: mimi naishi na VVU, na nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Dawa za kufubaza virusi (ARV) nilianza 2008, enzi za stavudini, ARV ya zamani, miguu ikiwaka usiku hadi naitumbukiza kwenye beseni la maji. Sisi wa wakati ule tulikuwa na ombi moja tu, tusife. Nimesomesha watoto, nimejenga Buhongwa, na tangu nihamishiwe TLD, kidonge cha siku hizi chenye tenofoviri ndani yake, kipimo cha wingi wa virusi kinarudi chini ya nakala 50 kwa mililita ya damu, yaani virusi "havionekani". Naringa, ndiyo. Nina haki ya kuringa.

Kisha kichwa kikaanza kuniuma kisogoni. Sokoni wakasema ni uchovu wa magunia. Wengine wakamtaja jirani yangu wa meza, eti ananionea kijicho (huku kwetu kila kizunguzungu lazima kipatiwe mwenyewe). Nikamweleza mhudumu kliniki. Akafungua faili: "Mama, virusi havionekani, wewe ni mzima kuliko mimi." Akanipa dawa za miezi sita. Mashine ya presha ilikuwa palepale mezani, karibu na kiwiko chake. Kituo sikitaji, lakini kile kiwiko bado nakiona.

Aliyenipima ni binti wa duka la dawa mtaani: 190 kwa 110. Akanikalisha, akapima tena, akaniitia bodaboda mwenyewe nikapelekwa hospitali.

Sasa mdogo wangu wa Sengerema, sikiliza. ARV zinazuia virusi kuzaliana, haziviondoi vyote; vingine vinabaki vimejificha ndani ya seli. Tena wiki zile za mwanzo za maambukizi, VVU hushambulia sana seli za kinga zilizoko kwenye utumbo, na ukuta wake hauponi sawasawa. Vipande vya bakteria vinapenya hadi kwenye damu, kinga inavifukuza, kesho vinapenya vingine. Ni kama mlinzi wa godauni aliyeambiwa wezi wako jirani: hata wasipokuja mwaka mzima, yeye anapiga filimbi usiku kucha, na majirani hawalali. Majirani ndiyo mishipa yako ya damu. Wataalamu wanaita hali hiyo mchochota sugu. Hauumi, hauna homa, ila unakakamaza mishipa na kuifanya damu igande kirahisi. Ndiyo maana hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi kwetu inakaribia mara mbili ya wenzetu wasio na VVU.

Na presha ikija juu yake? Utafiti uliofanyika hapahapa Mwanza na kuchapishwa 2014 uliwakuta waliokaa kwenye ARV zaidi ya miaka miwili wakiwa na presha kuliko watu wasio na VVU. Hapahapa, si Ulaya. Kwa hiyo pima presha. Ukipewa dawa za miezi sita usisubiri miezi sita. Duka la dawa liko mtaani, pima. Mumeo naye apime.

Kuna wanaonijibu, "Basi kama dawa hazimalizi kazi, ngoja nipumzishe mwili." Hasa wanaokwenda kambi za uvuvi Ukerewe na kuacha kopo nyumbani. Jamani! Mwaka 2006 utafiti wa SMART, wenye watu 5,472, ulionyesha waliokatisha dawa kwa vipindi walikufa zaidi, na magonjwa ya moyo yakawapata zaidi. Ukiacha dawa unamwongezea mlinzi filimbi. Mungu amekupa dawa bure, wewe unaziacha kabatini?

Kuna habari njema pia. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa REPRIEVE: watu 7,769 wenye VVU, wa miaka 40 hadi 75, katika nchi 12, wakiwemo wenzetu wa Uganda ng'ambo ya ziwa. Waliomeza pitavastatini, dawa ya jamii ya statini ya kushusha lehemu (kolesteroli), walipungukiwa na matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa 35%. Usikimbilie dukani kununua statini yoyote. Kama umefika 40, mwulize daktari, na ukiona anakukwepa mwulize tena. Hapohapo omba na kipimo cha figo, kwa sababu tenofoviri na presha zote zinazigusa. Sigara acha. Presha pima, nimeshasema.

Ulitaka pia kujua kuhusu kayabo, samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Mimi nimeacha, ingawa anaiuza mwenzangu wa meza ya pili na harufu inanifikia. Ukishindwa, iloweke usiku kucha, umwage maji, uloweke tena, na ugali wake usiutie chumvi ya mezani. Sato mbichi wa kuchemsha na nyanya atakutosha siku nyingine zote.