Retinoli wakati wa kaskazi: niache au niendelee?

SWALI: Shikamoo. Nina miaka 34, naishi Makorora, Tanga, na kazini naenda kwa baiskeli. Wiki tatu zilizopita nilianza kupaka retinoli ya asilimia 1 kila usiku kwa ajili ya chunusi na madoa. Sasa pembeni mwa pua na mdomo ngozi inabanduka, nikinawa inachoma, na pale palipokuwa na chunusi pamezidi weusi. Wenzangu wanasema retinoli haipakwi wakati wa joto, nisubiri kaskazi ipite. Krimu ya kukinga jua ninayo, lakini inanifanya uso uwe kijivu na jasho linaishusha machoni. Mwezi ujao tunamwoza mdogo wangu, na kuna singo, ule msuguo wa mwili wa harusi. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Acha kuanzia leo usiku. Ila usiache kwa sababu ya kaskazi. Acha kwa sababu ngozi yako imeumia, na ngozi iliyoumia haipakwi retinoli mwezi wowote ule.

Retinoli ni aina ya vitamini A. Ikishaingia kwenye ngozi hubadilishwa hatua kwa hatua mpaka kuwa asidi ya retinoiki, na hiyo ndiyo inayofanya kazi: inaharakisha ngozi kujivua seli kuukuu, inazibua vinyweleo, na taratibu inapunguza madoa. Wiki za mwanzo tabaka la juu kabisa la ngozi hupungua unene na kupoteza maji haraka. Ukikavuka kidogo ni kawaida. Kuchoma unaponawa si kawaida, ni dalili kwamba umezidisha. Asilimia 1 kila usiku kwa mtu anayeanza ni nyingi mno. Umoja wa Ulaya mwaka 2024 uliweka kikomo cha asilimia 0.3 kwa vipodozi vya uso vyenye retinoli. Walichokuwa wanaangalia wao ni jumla ya vitamini A inayoingia mwilini, lakini hata kwa kuanzia tu kiwango hicho kinatosha sana.

Sasa hilo la weusi, ambalo naona ndilo linalokuumiza zaidi. Ngozi nyeusi ikiwashwa, ikichubuka au ikivimba, seli zinazotengeneza rangi hujibu kwa kumwaga melanini nyingi mahali pale pale. Ndiyo maana chunusi ikipona huacha doa, na ndiyo maana retinoli iliyokusudiwa kuondoa doa inaweza kuliongeza ikipakwa kwa pupa. Mtu mweupe akizidisha atakuwa mwekundu siku chache, basi. Sisi tunabaki na alama kwa miezi. Kwa hiyo maelezo ya "vumilia, itazoea" yaliyojaa mitandaoni usiyafuate. Wewe huna haja ya kuvumilia chochote.

Wiki mbili zijazo nawa kwa sabuni laini isiyo na manukato, mara mbili kwa siku, kisha paka krimu ya kulainisha isiyo na harufu. Pale panapobanduka gusisha mafuta ya mgando kidogo usiku. Usipasugue kwa dodoki, usibandue kwa kucha.

Huo ushauri wa kuacha wakati wa joto umetoka nchi ambazo jua lao la majira ya baridi ni hafifu kweli. Tanga ipo kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na miezi mingine haliendi mbali. Shirika la Afya Duniani linashauri kujikinga kipimo cha mionzi ya urujuanimno kinapofika 3. Fungua programu ya hali ya hewa kwenye simu yako saa sita mchana hata mwezi wa Julai, upepo wa kusi unavuma na watu wamevaa sweta asubuhi, utakuta kipimo kimepita hapo kwa mbali. Upepo unapooza joto, haupoozi mionzi, na mawingu mepesi huipitisha. Kwa mtu wa hapa swali si mwezi gani. Anayeweza kujikinga kila siku anaweza kutumia retinoli mwaka mzima. Asiyeweza, asiitumie hata Julai.

Ngozi ikitulia kabisa, rudi na yenye asilimia 0.2 au 0.3, usiku mbili tu kwa wiki, tuseme Jumatatu na Alhamisi. Nawa, ukaushe uso, subiri kama dakika 20, maana kwenye ngozi yenye unyevu inapenya haraka na kuwasha zaidi. Paka mafuta ya mgando kwenye kona za pua, kona za mdomo na kope, ili retinoli isijikusanye hapo. Kisha krimu ya kulainisha, halafu retinoli kiasi cha punje ya mbaazi kwa uso mzima: doa moja kwenye paji, moja kila shavu, moja kidevuni, usambaze. Malizia kwa krimu ya kulainisha tena. Baada ya mwezi bila kuchoma, ongeza usiku wa tatu. Mabadiliko yanaanza kuonekana kati ya wiki ya 8 na ya 12, kwa hiyo kwa harusi ya mwezi ujao usiitegemee.

Chupa yake iweke kabatini, mbali na dirisha. Mwanga, hewa na joto vinaiharibu, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuipaka usiku.

Kuhusu krimu ya jua, wala sikulaumu. Ule ukijivu unatokana na zinki au titani, madini yanayobaki juu ya ngozi. Tafuta yenye rangi ya kahawia, SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi. Rangi hiyo ni oksidi ya chuma, na ina faida ya ziada: inazuia mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao nao hukoleza madoa kwenye ngozi nyeusi, na krimu nyingi zisizo na rangi haziuzuii. Kipimo ni mistari miwili iliyojaa, mmoja kidole cha shahada na mmoja kidole cha kati, kwa uso na shingo. Chagua inayohimili maji, ipake dakika 15 kabla ya kupanda baiskeli, ukianzia juu ya nyusi badala ya karibu na macho. Jasho lichovye kwa kitambaa bila kufuta, na urudie kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Kofia yenye ukingo mpana juu ya mtandio inasaidia sana kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni.

Singo ni ya mwili, furahini nayo, ila usoni kwako isifike. Kusugua ngozi iliyotoka kubanduka ni kuomba doa jipya. Nyusi zikitolewa kwa nta, uwe umeacha retinoli wiki nzima kabla. Na mtu akikushauri ndimu kwa ajili ya madoa, kataa. Maji ya ndimu yakikutana na jua kwenye ngozi yanaweza kuiunguza mpaka malengelenge, na alama yake ni nyeusi zaidi ya hiyo unayoikimbia.

Niambie pia mambo matatu ambayo hukuyaandika. Kama una mimba au unaitafuta, retinoli iweke pembeni mpaka ujifungue, na kama unanyonyesha uliza kwanza. Kama unameza doksisaiklini kwa ajili ya chunusi, dawa hiyo yenyewe inafanya ngozi iungue na jua upesi. Na kama kwenye meza yako kuna mkorogo au krimu isiyoandikwa kilichomo, niletee kopo lake nilione. Hidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Tanzania, na krimu zenye steroidi kama klobetasoli au betamethasoni zinakondesha ngozi. Retinoli juu ya ngozi ya namna hiyo ni hatari. Krimu hiyo usiiache ghafla kabla hatujazungumza, kwa sababu kuacha steroidi ghafla nako kuna namna yake.

Ukiona usaha, uvimbe wa macho, au kuchoma hakujapungua baada ya siku tano za kupumzika, usinisubiri mimi dukani. Nenda hospitali, Bombo au iliyo karibu nawe, na chupa uibebe ili daktari asome kilichomo.