INR inayopanda na kushuka: maswali ya wasomaji kuhusu dawa za kuzuia damu kuganda

SWALI: Daktari, naomba ushauri wako. Miezi miwili iliyopita mume wangu alipatwa na bonge la damu katika mshipa wa mguu, na tangu hapo anameza warfarini kila jioni. Tukienda kliniki, kipimo cha INR, kile kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, huja tofauti kila mara: leo 1.6, safari nyingine 4.3, kisha chini tena. Aliambiwa kwamba mboga za majani zinaharibu dawa, kwa hiyo ameziacha, ila siku akizidiwa na hamu huzila kwa wingi. Tangu wiki iliyopita anameza pia diklofenaki kwa ajili ya goti. Ndugu wanamshauri aiache warfarini kwa kuwa mguu umekwisha kupona. Tushike lipi?

JIBU: Dada yangu, asante kwa kueleza kila kitu, maana sehemu kubwa ya jibu imo katika barua yako mwenyewe. Naanza na diklofenaki, ambayo inanitia hofu kuliko mengine yote. Tafadhali aiache leo, na mwasiliane na kliniki mara moja mkaeleze kwamba amekuwa akiimeza kwa wiki nzima. Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni na aspirini, huchubua utando wa ndani wa tumbo na papo hapo huzidhoofisha chembe sahani, ambazo ndizo za kwanza kuziba jeraha, kwa hiyo mtu aliye kwenye warfarini anaweza kuvuja damu tumboni kwa muda mrefu bila kuhisi maumivu yoyote. Kibaya zaidi, INR haipimi kazi ya chembe sahani, na kipimo kinaweza kusomeka vizuri kabisa ilhali hatari imekwisha kuongezeka. Kwa goti, parasetamoli ni salama zaidi, ingawa akiitumia kila siku kwa siku kadhaa mfululizo kliniki ijulishwe, kwani nayo inaweza kuipandisha INR.

Sasa nije kwenye kupanda na kushuka huko. Ini hutumia vitamini K kutengeneza baadhi ya protini zinazogandisha damu, na warfarini huzuia vitamini hiyo isirejeshwe katika hali ya kutumika tena. INR ya mtu asiyetumia dawa hii huwa karibu na 1, na kwa mgonjwa wa bonge la mguuni lengo la kawaida ni kati ya 2 na 3: chini ya hapo bonge jipya linaweza kufanyika, na kadiri inavyozidi juu ya hapo ndivyo hatari ya kutokwa na damu inavyokua. Mboga za majani ya kijani zina vitamini K nyingi. Akiziacha, dozi ileile humzidia nguvu. Akizila kwa wingi siku moja, dozi humpungukia. Si kweli kwamba amekatazwa mboga. Anachotakiwa ni kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, na dozi ipangwe kufuatana na chakula chake cha kawaida.

Kuna jambo jingine ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi vya kutosha, nalo ni uzito wa dawa hii kuitikia. Protini zilizokwisha kutengenezwa huendelea kuwamo katika damu kwa siku kadhaa, kwa hiyo badiliko la dozi ya leo huanza kuonekana baada ya siku 2 au 3 na hukamilika baadaye zaidi. Anayeongeza kidonge leo kwa kuogopa kipimo cha chini, kisha akapunguza keshokutwa kwa kuogopa cha juu, anafukuzana na athari za juzi. Dozi ibadilishwe na kliniki peke yake, na kipimo cha kufuatia kifanyike tarehe iliyopangwa.

Mkiandikiwa dozi, ulizeni ni miligramu ngapi, si vidonge vingapi, wala msitegemee rangi: kidonge cha waridi nchini Uingereza ni cha miligramu 5, lakini Marekani rangi hiyo ni ya miligramu 1. Akisahau dozi na akakumbuka siku hiyohiyo, aimeze. Akikumbuka kesho yake, aiache iliyopita, ameze ya siku hiyo peke yake na kuandika kwenye kadi siku aliyokosa. Asimeze mbili kwa pamoja kamwe. Kila anayemwandikia dawa, kumchoma sindano au kumng'oa jino aambiwe kwanza kuhusu warfarini, kwa sababu metronidazoli, flukonazoli na kotrimoksazoli huipandisha INR, ilhali rifampisini huishusha sana. Dawa za mitishamba nazo zitajwe, hata kama hakuna aliyeuliza.

Akipata kinyesi cheusi kama lami, mkojo mwekundu, damu ya puani isiyokoma baada ya kubanwa kwa dakika 10, au maumivu makali ya ghafla ya kichwa, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Akijigonga kichwa apelekwe vilevile, hata akisema anajisikia mzima. Kukosa pumzi kwa ghafla au kubanwa kifua nako kusisubiri, kwani huenda bonge limefika kwenye mapafu.

Kuhusu ushauri wa ndugu, nawaelewa, lakini mguu kupungua uvimbe hakuonyeshi kwamba hatari imekwisha. Tiba ya bonge la namna hii huchukua angalau miezi 3, na baada ya hapo daktari huangalia kilichosababisha: lililotokea baada ya upasuaji halichukuliwi sawa na lililotokea bila sababu ya wazi, ambalo mara nyingi huhitaji dawa kwa muda mrefu zaidi.

SWALI: Nimewekewa vali ya moyo ya chuma na nimechoka kupimwa INR. Nimesikia kuna vidonge vipya visivyohitaji kipimo hicho. Je, naweza kuhamia huko?

JIBU: Hapana, kwa vali ya chuma usihame. Vidonge hivyo, kama rivaroksabani, apiksabani na dabigatrani, huwafaa wengi wenye mabonge ya miguuni, lakini dabigatrani ilipojaribiwa kwa wenye vali kama yako, jaribio lilisimamishwa mapema kwa sababu wagonjwa walipata mabonge zaidi na kutokwa na damu zaidi kuliko wa warfarini. Kama wewe ni mwanamke na unafikiria kupata mtoto, zungumza na daktari wa moyo kabla ya kushika mimba, kwani warfarini inaweza kumdhuru mtoto, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12. Lakini usiiache mwenyewe, kwa sababu vali isiyolindwa inaweza kuziba.