Mama hanijui tena

"Shangazi, naishi Kadutu, hapa Bukavu, na mama yangu wa miaka 76. Alikuwa mkatekista miaka mingi. Sasa ananiita mwizi wa vitenge vyake, na usiku anafunga mzigo eti anarudi kwao Walungu. Kiswahili amekiacha, anasema Mashi tu. Kaka yangu anataka kumpeleka chumba cha maombi afunge siku saba, wanasema ana pepo. Jirani mmoja amesema ni mlozi, yaani mchawi. Amemtumikia Mungu maisha yote, kwa nini hivi? Na kuna usiku ninaomba Mungu amchukue. Ni dhambi?"

Binti yangu, nianze na huko kufunga, maana hakungoji. Umeandika kwa pembeni kwamba mama anameza dawa za sukari. Mtu wa sukari akimeza dawa bila kula anaweza kuzimia asiamke. Kaka yako aambiwe hivyo, bila kuzungusha. Na hilo neno "mlozi" lizimwe mapema, kwa padri na kwa shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wenu. Mwaka 2021 hapa Kivu ya Kusini wanawake waliuawa kwa neno hilo hilo, wengine kwa moto.

Mama yako anaumwa ubongo. Mpeleke kwa daktari, hasa kama mabadiliko yalikuja ghafla: sukari iliyovurugika, maambukizo ya mkojo au upungufu wa vitamini B12 huweza kuvuruga akili, na hayo yana dawa. Lakini kama ni ule ugonjwa wa kusahau wenyewe, jua kwamba mambo ya juzi hutangulia kutoka na ya utotoni hubaki nyuma. Ndiyo maana Mashi imebaki, na "kwetu" ni Walungu, si nyumba yako. Usibishane naye. Mshike mkono, tembeeni kidogo uani akikusimulia habari za Walungu, kisha mrudi ndani. Kitenge kimepotea? Kitafuteni wote wawili.

Kwa nini yeye? Sina jibu, na mtu akija nalo tayari mfukoni, mpe kiti na chai, usimpe mama yako. Ninachoweza kukupa ni Isaya 49:15. Nabii anauliza kama mama aweza kumsahau mtoto wake, na hasemi haiwezekani. Anakubali: aweza. Asiyesahau ni Mungu. Nilipita juu ya mstari huo miaka mingi nikiuona ni mfano tu, hadi mama yangu mzazi aliponiuliza mimi ni binti wa nani.

Jaribu hivi jioni: anza Salamu Maria kwa Mashi, unyamaze katikati. Mara nyingi sala za utotoni humalizika zenyewe mdomoni. Padri naye umwombe mpako wa wagonjwa. Si wa wanaokata roho peke yao.

Kuhusu ombi lako la usiku: nabii Eliya aliketi chini ya mti akaomba afe, kisha akalala. Mungu hakumkaripia. Alimpa mkate, maji, akamwacha alale tena. Wewe umelala lini mara ya mwisho? Kaka yako mwenye nguvu za kusimamia siku saba za kufunga achukue usiku mbili kila wiki, kwenye mkeka, mlangoni pa mama. Aanze Ijumaa hii.